Kifo cha Kitufe cha "Sitakuja"

Kibokoni, Mombasa
9 Septemba 2025

Kaka Kingi,

Kwa masikitiko na taadhima kubwa natangaza kifo cha kitufe cha "Sitakuja", kilichotokea Jumapili jioni ndani ya programu yangu ya simu, baada ya kuugua kwa muda mrefu ugonjwa wa kutobonyezwa. Marehemu alikuwa mwekundu, mnene kiasi, na nilihangaika sana kumchagulia rangi. Ameacha ndugu mmoja, "Nitakuja", ambaye kazi imemzidi. Mazishi yamefanyika kwa kufuta mistari sita. Hakuna matanga.

Si mzaha mtupu. Programu yenyewe nilikueleza: inaitwa Mwaliko. Mwenye shughuli anaandika siku na mahali, wageni wanaipata kwenye simu, kila mmoja anajibu, na mwenye shughuli anajua apike sufuria ngapi. Bi Mwanakhamis, mwenye nyumba wangu, ndiye wa kwanza kukubali kuijaribu, kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi arusi, ya binti wa dada yake, ukumbini kule Makadara. Wanawake mia na arobaini walialikwa. Mia na arobaini wakabonyeza "Nitakuja". Nikaruka humu chumbani kama mwehu. Bi Mwanakhamis akaagiza biriani ya watu mia na arobaini.

Wakaja sitini.

"Na wale wengine, Bi?" nikamuuliza.

"Wana udhuru."

"Mbona walisema watakuja?"

Akanitazama kama mtu aliyeshuka mjini jana. "Ulitaka waseme hawaji? Kwani tumegombana nao?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Hapa mtu hakatai mwaliko. Anaukubali kwa furaha, kisha haji, na pande zote mbili zinabaki na heshima zao. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, nimelelewa hivyo hivyo. Mama amekubali mialiko tangu tuzaliwe na hata nusu yake hajaitimiza. Bado nikatengeneza kitufe cha kumtukania mwenye shughuli, eti kwa sababu nilikiona kwenye programu za kigeni na kikanipendeza.

Mtaa mzima umekula biriani siku tatu. Paka wa Kibokoni hawatembei tena, wanabingirika.

Mahali pa marehemu nimeweka kitufe kipya: "Inshallah". Nina matumaini nacho makubwa.

Naandika kwa karatasi kama tulivyopatana, kwa kuwa kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza kukukatiza. Musyoka atakupa barua hii gari moshi lake likisimama hapo stesheni unapofanya kazi, Voi. Najua pia kwamba umezungumza na rafiki yako Barnabas, yule wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kuhusu mimi na kiti fulani. Sitaki kiti. Kiti ninacho. Kimevunjika mguu mmoja, lakini ni changu.

Mdogo wako,
Mbodze


Voi
17 Septemba 2025

Mdogo wangu Mbodze,

Salamu nyingi. Pokea rambirambi zangu. Kitufe sikukijua, lakini nimesikia kilikuwa kitulivu.

Sasa tuzungumze. Hii ni programu yako ya tano. Ya kwanza ilikuwa ya kutabiri mvua, ikanitangazia jua nikiwa nimesimama na maji magotini. Ya pili ilikuwa ya kupanga zamu za kuchota maji. Ya tatu ilikuwa ya kuwakumbusha watu dawa, nayo ukasahau kuimalizia. Ya nne hata jina hukuipa. Zote zilikuwa nzuri zilipokuwa rahisi. Siku zilipoanza kuwa ngumu ukazitupa, ukatuambia umepata wazo jipya. Hii nayo naona umeshaanza kuizika kiungo kimoja kimoja.

Ni kweli, nimezungumza na Barnabas. Atakushikia kiti mpaka mwisho wa Novemba. Ni kazi ya kujaza fomu za mizigo, na feni iko juu ya kichwa. Lakini sitaki useme nilikuonea, kwa hivyo masharti yangu ni haya. Nipatie mtu mmoja, asiye ndugu yako wala mwenye nyumba wako, aliyeandaa shughuli kwa hiyo Mwaliko, kisha akarudi akaandaa ya pili. Kujaribu mara moja ni udadisi. Mtu akirudi, hapo umetengeneza kitu. Ukimpata, nitamwambia Barnabas atafute mwengine, na sitakutajia ofisi maisha yangu yote. Usipompata, tarehe mosi Desemba unavaa viatu vya kufunika.

Mimi mwenyewe, kama unavyojua, nina kabambe, kile kisimu kidogo kisichoingia programu. Ina tochi, na ile tochi haijawahi kuniomba niisasishe. Kwa hivyo sina la kusema kuhusu programu yenyewe, ila nasikia tarehe zimeandikwa ndogo mno, na ukilaza simu ubavu maandishi yote yanatoweka. Nasikia tu.

Kakako,
Kingi


Kibokoni
5 Oktoba 2025

Kaka Kingi,

Masharti yamefika. Nimeyabandika ukutani juu ya kompyuta, mahali ambapo watu wenye ofisi huweka feni.

Nianze na "Inshallah". Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa na maulidi, nikamshawishi aalike kwa Mwaliko. Wote wakabonyeza "Inshallah". Wote kabisa, kaka. Hata yeye mwenyewe alibonyeza, na shughuli ni yake. Nikamuuliza kulikoni, akaniambia, "Sasa mimi nimjue nani wa kunihakikishia kesho?" Siku ya siku, kwa kuwa idadi haikujulikana, vyakula vikapungua, watu wakala mkate wa mofa na mchuzi uliotiwa maji, na jirani akinisalimu sasa anatazama dari.

La pili. Nimepata maoni ya kwanza kwenye duka la programu. Ameyaandika mtu anayejiita Abiria, nami nakunukulia yote ili uone ninavyoishi: "Kwa heshima na taadhima, tarehe ni ndogo kama mayai ya chawa. Ukilaza simu ubavu, maandishi yanatoroka. Hata hivyo wazo si baya. Nyota moja." Wazo si baya, nyota moja! Huyu mtu akikusifu zaidi unaweza kulazwa. Ajabu ni kwamba amelalamikia yale yale uliyoyasikia wewe. Habari huko Voi zinatembea.

Nilikasirika hadi alasiri. Kisha nikakaa, nikakuza tarehe, nikailaza simu ubavu mara mia mpaka maandishi yakajifunza kukaa. Abiria alikuwa na haki. Simpendi, lakini alikuwa na haki.

La tatu ndilo zito. Bi Mwanakhamis anamuoza mjukuu wake mwezi huu. Nikadhani Mwaliko ndio utakaoalika. Akaniambia, "Mara hii nakwenda kwa miguu yangu."

"Bi, nimeshaitengeneza upya."

"Ni nzuri, mwanangu, sikatai. Lakini watu wananiambia waliona kitu kwenye simu wakadhani ni tangazo la sabuni. Mtu hajabishiwa hodi, hajaulizwa hali ya mgonjwa wake, utasemaje umemwalika?"

"Nipe nafasi moja tena."

"Nakupa. Jifunge leso, twende milangoni."

Kesho tunaanza. Usifikiri natupa. Sijatupa. Nakwenda kuangalia jambo ambalo programu yangu inajidai kulifanya na haijawahi kuliona.

Mbodze


Voi
14 Oktoba 2025

Mdogo wangu Mbodze,

Barua imefika. Musyoka aliitoa mfukoni imekunjwa pamoja na sambusa, kwa hivyo ukurasa wa pili nimeusoma kwa kuunusa.

Huyo Abiria usimchukie. Mtu anayekupa nyota moja na bado akaandika mistari mitatu, huyo amekaa na kitu chako. Aliyekichukia angekifuta tu. Hayo nayasema kama mtu wa pembeni, mwenye kabambe.

Musyoka anastaafu mwisho wa Novemba. Tunataka kumfanyia chai hapa stesheni, lakini sijui nipike chai ya watu wangapi. Nikimuuliza mtu ana kwa ana ananijibu, "Tuko pamoja." Tuko pamoja ni watu wangapi?

Nimekutumia dengu na asali. Umesema watu waliona tangazo la sabuni. Nimelicheka, kisha nikaona si la kuchekesha. Litafutie dawa. Novemba si mbali.

Kakako,
Kingi


Kibokoni
2 Novemba 2025

Kaka Kingi,

Kaa chini, chai iwe karibu.

Tulipita nyumba nyingi kuliko magoti yangu yalivyokubali. Kila mlango ni hodi, ni salamu, ni habari za aliyelazwa na aliyesafiri, ndipo mwaliko. Na hakuna aliyeulizwa kama atakuja. Bi Mwanakhamis anasema lake, anakunywa maji, tunatoka. Nikajiuliza, sasa huyu anajuaje apike kiasi gani? Hajui. Anakisia, na kila mara anakosea, na mtaa unasaidiwa na paka.

Nyumba ya kwanza, mama mmoja alituinulia mikono: "Mungu awatilie kheri, awape masikilizano, awape watoto wema, awaepushe na hasidi na jicho baya..." Alipomaliza, kahawa yetu ilikuwa imepoa. Tulipotoka Bi akasema, "Huyo ndiye wa kwanza kufika, utaona."

Nyumba ya pili, mama mwengine hakuomba lolote. Aliuliza, "Ukumbi una ngazi? Mamangu magoti yanamsumbua." Njiani Bi akanung'unika: "Hata kheri hakututakia."

Lakini mimi, kaka, siku ya kupamba, ile ya biriani kule Makadara, ndiye niliyesimama mlangoni nikiwanyunyizia wageni marashi. Waliokuja nawakumbuka, mkono ulikufa ganzi kwa ajili yao. Mama wa dua ndefu sikumnyunyizia. Mama wa ngazi alifika kabla ya viti, na mamake akiwa ameshikiliwa kwapani. Nikaanza kuwapanga kichwani. Nyumba ya tatu waliuliza kama watoto wanaruhusiwa: walikuja. Nyumba ya nne waliomba dua nzuri mpaka nikatokwa na machozi: hawakuja. Ya tano waliuliza tuktuk inafika mpaka mlangoni: walikuja. Anayekuja ana shida ya kutatua: ngazi, watoto, usafiri, avae rangi gani. Asiyekuja hana shida yoyote. Ana dua tu.

Nikasimama katikati ya njia, mkokoteni wa maji ukanipigia kelele.

"Bi," nikasema, "dua ndiyo udhuru wenyewe."

"Astaghfirullah! Usiseme hivyo, mwanangu. Watu wanatuombea!"

"Wanatuombea kweli. Lakini hawaji."

Akatembea kidogo, akiikaza leso yake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Arusi ya kina Mwinyi niliwaombea sana."

Kaka, nimefuta vitufe vyote. "Nitakuja" amemfuata nduguye, na "Inshallah" amestaafu kwa heshima. Sasa kuna viwili: "Nina swali" na "Nawaombea kheri". Anayetaka kuomba dua anapewa nafasi ya kuandika apendavyo, hakuna kikomo, nayo inamfikia mwenye shughuli ikiwa na maua pembeni. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyevunjiwa heshima. Chini kwa chini, programu inahesabu wenye maswali. Na kwa yale ya tangazo la sabuni, mwaliko sasa unafika na sauti ya mwenye shughuli mwenyewe: hodi, hodi, salamu, kisha neno. Bi Mwanakhamis alipiga hodi kwenye simu yangu mara tisa mpaka akaridhika. Alikuwa anangoja aitikiwe.

Wazee tukawapitia kwa miguu, waliobaki wakabishiwa hodi kwenye simu. Biriani ikapikwa kwa hesabu ya maswali, na nyongeza kidogo, maana Bi ana moyo mwepesi. Arusi ilikuwa juzi. Masufuria yalikwanguliwa! Aliyekosa chakula ni mpiga ngoma mmoja, na paka wote wa Kibokoni, ambao wananitazama vibaya. Mama wa dua ndefu alikuja, na watoto watano. Nimemwandika kwenye hitilafu ambazo sitazirekebisha.

Sasa habari mbaya. Bi Mwanakhamis ni mwenye nyumba, kwa masharti yako hahesabiki. Jirani wa maulidi bado anatazama dari. Nimepita maduka ya Makadara, nimewaona wapiga picha za arusi, hata mwongoza wageni mmoja wa Ngome ya Yesu nimemwonyesha. Akaniambia arusi yake ilishapita na asingependa kuirudia. Kila siku nakwenda mahali papya. Kila siku wananisikiliza vizuri, kisha wananiombea kheri. Unaelewa inavyoniuma, kwa mtu ninayejua sasa maana yake.

Lakini nitapata mtu. Kiti cha Barnabas akikalie Barnabas.

Abiria amenipandisha hadi nyota tatu. Kaandika: "Hii sasa inafanya kazi. Ila hodi ya ghafla inamshtua mtu akiwa zamu."

Mbodze


Voi
18 Novemba 2025

Mdogo wangu Mbodze,

Pokea hongera. Nasikia kuna mtu wa hapa Voi, simjui, ambaye ameandaa shughuli mbili kwa Mwaliko wako. Watu wanamzungumzia. Shughuli ya kwanza, ya kumuaga mstaafu fulani, ilifana ajabu: waliouliza kama kutakuwa na mandazi walikuja wote, na waliomwombea mstaafu maisha marefu hawakuonekana, akiwemo msimamizi wetu. Chai haikubaki hata kikombe. Ya pili sijaisikia vizuri, lakini nayo ilikwenda.

Mtu huyo si ndugu yako, si mwenye nyumba wako, na amerudia. Masharti yametimia. Nitamwambia Barnabas atafute mwengine, na ofisi sitaitaja tena, kama nilivyoahidi.

Usilale kwa furaha ukasahau kazi. Nasikia mwaliko wa pili ukitumwa siku moja na wa kwanza, programu inaganda.

Hii ni moja ya barua za mwisho kwa mkono wa Musyoka. Mpe maji.

Kakako,
Kingi


Kibokoni
28 Novemba 2025

Kaka Kingi,

Barua yako ilipofika nilikuwa bado sijaona shughuli yoyote ya Voi. Nilikuwa mbioni Liwatoni nikijaribu kumshawishi mama muuza samaki, ambaye binti yake anaolewa Januari. Nikarudi, nikafungua kompyuta. Ni kweli, zipo mbili. Programu hainionyeshi walioalikwa wala walichoandika, inanionyesha jina la shughuli tu. Ya kwanza inaitwa "Chai ya Musyoka, Stesheni". Ya pili inaitwa "Mazoezi ya kwaya, sauti ya tatu msitoroke tena".

Katika kwaya ile namjua mtu mmoja anayelalamika juu ya sauti ya tatu. Tumekula naye sahani moja tangu utotoni.

Musyoka nilimpa maji, kisha nikamuuliza kaka yangu ana simu gani siku hizi. Akayanywa yote, akafuta midomo, akasema, "Mimi niliapishwa."

Kwa hivyo mwambie Abiria, ukikutana naye, kwamba tatizo la kuganda nimelirekebisha, na kwamba namshukuru kuliko nitakavyoweza kuandika. Mwambie pia hahesabiki. Ndugu hahesabiki, masharti ni yako na bado yako ukutani. Zimebaki siku mbili na mtu sijampata. Mama wa Liwatoni ameniuliza kama hodi inaweza kupigwa kwa Kigiriama. Ameuliza swali, umeona? Lakini huyo ni wa Januari.

Jana kutwa nilikaa na jambo hili. Nimeshindwa kwa masharti, na wewe umenitangaza mshindi kwa jina la mtu asiyekuwapo. Nikaona sitaki kushinda hivyo, na ofisini siendi pia. Nne nilizitupa. Hii siitupi, awepo wa kurudia, asiwepo. Hodi ya Kigiriama nimeshaanza kuiandika. Na kama ni kumkatalia Barnabas, basi nimkatalie mimi, uso kwa uso, kwa neno lile ambalo mtaa huu mzima hauliwezi: siji.

Leo asubuhi nikavaa viatu vya kufunika, vile ulivyonitishia navyo, nikaenda bandarini. Hotuba nilikuwa nayo. Niliifanyia mazoezi njia nzima, mpaka mwenye tuktuk akaniambia, "Dada, huyo bwana ameshakuelewa." Nikapanda ngazi, nikaulizia kiti cha fomu za mizigo, nikaonyeshwa mlango. Nikaingia nikidhani nitamkuta Barnabas, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi ilinishangaza: "Nashukuru sana kwa kunishikia kiti muda wote huu, lakini siji!"

Aliyekalia kiti akainua kichwa, akaniuliza kama nimeleta fomu.

Feni ipo, ulisema kweli. Jamaa anaitwa Tony. Yuko pale tangu Agosti, kabla ya masharti yako, na aliyempeleka ni wewe.

Mbodze